Boti iliyosafiri kwa mabega, na nahodha aliyepotea dakika za majeruhi

NENDA Ulyankulu siku ya mechi ya Simba na Yanga, ingia kibanda umiza chochote, halafu tega sikio. Bao la kwanza likiingia, shabiki mmoja lazima atapiga kelele kwamba jahazi linazama. La pili likiingia, atauliza nahodha yuko wapi. Timu ikishinda, kesho yake magazeti yataandika kuwa imekamata usukani wa ligi, na kama kuna kocha aliyeletwa katikati ya msimu, ataambiwa kaokoa jahazi.

Hakuna anayeshangaa. Lakini Ulyankulu haina bahari. Haina hata ziwa.

Ni nchi ya miombo, tumbaku na asali, wilayani Kaliua, mkoani Tabora. Ukitaka kuona tanga halisi limejaa upepo, itabidi upande gari au treni kwenda Kigoma, au ushike njia ya kaskazini hadi Mwanza. Nje ya Tabora wengi wanaijua Ulyankulu kwa makazi ya watu waliokimbia Burundi mwaka 1972, ambao wengi wao baadaye walipewa uraia wa Tanzania. Wapenzi wa muziki wa injili wanaijua kwa kwaya ya Barabara ya 13. Hakuna anayeitaja kwa boti.

Sasa nahodha, usukani na jahazi vilifikaje huku? Jibu fupi: vilikuja kwa miguu. Vilitoka Pwani pamoja na misafara, kwenye midomo ya wapagazi na Waungwana wa Zanzibar, sambamba na vitambaa vya merikani, shanga, nyaya za shaba na bunduki. Na kuna safari moja ambayo halikuja neno peke yake. Ilikuja boti yenyewe, imekatwa vipande, imewekwa mabegani mwa watu.

Kaunta ya Ulyankulu, 1871

Kabla ya boti kuna mechi ya kwanza, na mechi hiyo ilichezwa Ulyankulu.

Miaka hiyo Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha biashara katikati ya njia ya Bagamoyo na Ujiji. Wafanyabiashara wa Kiarabu walikuwa na nyumba zao Tabora na Kwihara. Magharibi yao alikuwa anainuka mtemi mmoja kijana wa Uyowa, jina lake Mirambo, ambaye alikuwa ameshaiunganisha Ulyankulu na nchi yake na alikuwa anataka kila msafara unaopita ulipe hongo. Enzi hizo hongo ilikuwa ushuru halali wa njia, unalipwa mchana kweupe. Maana tunayoijua leo ilikuja baadaye.

Waarabu wakagoma, njia ya Ujiji ikafungwa.

Katikati ya ugomvi huo akatokea mwandishi wa habari, Henry Morton Stanley wa gazeti la New York Herald, anayemtafuta Dk David Livingstone. Alikuwa na haraka ya kufika Ujiji, akaamua kuungana na Waarabu kumpiga Mirambo. Mwandishi badala ya kukaa jukwaani akavaa jezi akaingia uwanjani, na kilichompata alikistahili.

Agosti 1871 jeshi likatoka. Stanley alishikwa na homa akabaki kitandani katika kijiji cha Zimbizo, wenzake wakasonga mbele mpaka boma la Ulyankulu. Kwenye kitabu chake aliliandika Wilyankuru, mahali ni hapo hapo. Waarabu wakalivamia, wakalichukua, wakabeba pembe za ndovu na mateka, wakaanza kurudi wakishangilia. Kipindi cha kwanza wanaongoza.

Kumbe Mirambo aliwaachia mpira. Alitoka bomani na watu wake, akazunguka, akajificha kwenye majani marefu kando ya njia ya kurudia. Walipofika pale wamelemewa na mizigo, hakuna beki, hakuna kiungo, kila mtu anawaza hesabu ya mgao, akawatokea. Kiongozi wao, Soud, aliuawa. Watu wa Stanley waliokuwa kwenye kundi hilo nao wakauawa kadhaa. Habari zilipofika Zimbizo jioni, ilikuwa kila mtu na miguu yake. Stanley mwenyewe, na homa yake, nusura aachwe.

Siku chache baadaye, tarehe 22 Agosti, Mirambo alikwenda kucheza ugenini. Aliingia Tabora, akachoma sehemu ya mji, na mfanyabiashara mkubwa Khamis bin Abdullah akafia kwenye mapigano hayo. Stanley alijifungia na bunduki zake ndani ya tembe la Kwihara. Mwishowe aliamua kuikimbia kabisa njia ya Ulyankulu, akazunguka kusini, ndipo akafika Ujiji na kumkuta Livingstone mwezi Novemba.

Ukienda Tabora leo utakuta jina la Mirambo, ambalo wengi hulitamka Milambo, liko kambini na lilikuwa jina la timu ya mpira ya mji huo. Wazee wa Tabora wanaikumbuka Milambo. Jina zito kwa timu, maana mwenye jina alikuwa fundi wa kaunta.

Boti inazaliwa

Miaka mitatu baadaye Stanley alirudi na bajeti nene. Wadhamini safari hii walikuwa wawili, Daily Telegraph la London na New York Herald. Alitaka kuzunguka maziwa makubwa, ayapime, kisha aufuate mto uliokuwa unamchanganya Livingstone mpaka uishie unakoishia. Kwa kazi hiyo mtumbwi wa kuazima usingetosha. Alihitaji chombo chake.

Akaagiza boti kwa fundi James Messenger wa Teddington, Uingereza. Urefu futi 40, upana futi 6, kina inchi 30. Mbao zilikuwa za mwerezi, nyembamba kuliko kidole gumba. Ilikuwa ya makasia na tanga, na kitu cha ajabu zaidi ni kwamba ilijengwa kwa vipande vitano vya futi nane nane, vinavyofungwa pamoja ukifika majini na kufunguliwa ukitaka kutembea. Akaipa jina la mchumba wake, binti wa Kimarekani aliyeitwa Alice Pike. Lady Alice.

Kwa msomaji wa Pwani, boti ya aina hii ilikuwa kitu kati ya ngalawa na mashua. Ngalawa ni gogo moja lililochongwa na kuwekewa ndubi pembeni lisipinduke. Mashua ina mkuku, ina mataruma, mbao zimepigiliwa moja baada ya nyingine na kukalafatiwa kwa pamba na mafuta. Lady Alice ilikuwa na umbo la mashua nyembamba ya mbio, lakini ilikuwa na udhaifu ambao hakuna fundi wa Pwani angeukubali: viungio. Kila pale kipande kinapokutana na kingine ni mlango wa maji.

Aliyewahi kumiliki chombo kidogo cha mbao anajua kuwa ni kama kumiliki timu ya daraja la kwanza, hakiishi kudai. Tanga linachanika. Kamba zinaoza. Kikikaa majini muda mrefu minyoo inakula mbao, kikikaa juani mbao zinakauka, zinanyauka, na siku ukikirudisha majini kinavuja kama kapu mpaka mbao zinywe maji na kuvimba tena. Sasa fikiria chombo ambacho kabla hata ya kuonja maji ya ziwa kinatembea juani miezi mitatu na zaidi.

Tatizo la kwanza lilitokea Zanzibar. Vipande vilipopimwa, vingi vilikuwa na uzito wa ratili 280 kila kimoja, yaani kama kilo 127. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, kilo thelathini na kitu. Kwenye njia nyembamba za porini, kitu kipana namna ile hakipiti. Ikabidi aitwe seremala palepale Zanzibar, avipunguze upana na uzito. Boti mpya, haijaogelea hata mara moja, ikaingia gereji.

Kikosi

Msafara uliondoka Bagamoyo Novemba 17, 1874. Watu 356. Mbele walitangulia viongozi na waongoza njia waliovaa mashuka mekundu, nyuma yao mstari wa watu 270 wenye vitambaa, shanga, nyaya na vipande vya Lady Alice, kisha wanawake 36 na wavulana kumi.

Wabeba boti walichaguliwa kwa nguvu. Walilipwa kuliko wenzao, na waliruhusiwa kwenda na wake zao. Huo ndio mkataba wa staa: mshahara mkubwa, na familia inaishi kambini. Ila walistahili. Mzigo wa kitambaa unaukumbatia begani, unaubadilisha upande, unatembea. Kipande cha boti kinabebwa na watu zaidi ya mmoja, na mmoja akiteleza wote wameanguka. Kwenye miiba mnasubiri njia ikatwe. Kwenye mto mnavua nguo. Na mkifika kambini usiku, mzigo wenu ndio wa kwanza kukaguliwa, maana ubao mmoja ukipasuka hakuna duka la vipuri.

Walipita Ugogo, wakapita nchi ambayo leo ni Singida, njaa ikawapiga, maradhi yakawapiga, vita vikawapiga. Vijana watatu wa Kiingereza waliofuatana na Stanley, mmoja alikufa njiani Januari 1875. Februari 27, siku ya 103, walifika Kageyi, kando ya Ziwa Victoria, baada ya kutembea kama kilomita 1,150. Leo timu ikisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Tabora, zaidi ya kilomita 800 kwenye lami, wachezaji wanashuka wakilalamika mgongo.

Boti ikafungwa pamoja, ikasukumwa majini. Ikaelea.

Hapo Stanley akawauliza watu wake nani anataka kwenda naye kulizunguka ziwa. Kimya. Hakuna aliyeinua mkono. Walikuwa watu wa Pwani, bahari wanaijua, lakini ziwa lile lilisemwa lina kila aina ya balaa. Akamgeukia mtu mmoja, Wadi Safeni, akamwambia achague yeye. Safeni akatembeza macho, akataja kikosi chake. Jumla wakawa kumi na moja pamoja na yeye. Huyo ndiye nahodha wa Lady Alice. Kumbuka jina hilo.

Siku 60 za ziwa

Waliondoka Machi 8, 1875, wakarudi Mei 6. Karibu siku sitini kwenye kitu chenye upana wa futi sita, wakipitia ufuko mzima wa ziwa kubwa kuliko yote Afrika, wakifika hadi kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Mchana tanga, upepo ukikata ni makasia. Usiku wanalala ufukweni kama wenyeji wanaonekana wema, vinginevyo wanalala ndani ya boti, mmoja analinda, mwingine anafua maji. Dhoruba za Victoria hazina adabu; wavuvi wa Mwanza na Bukoba wanajua jinsi ziwa linavyoweza kuwa kioo saa nane na saa tisa ni milima.

Kisiwa cha Bumbire ndiko mambo yalikoharibika. Mwishoni mwa Aprili walifika pale na njaa kali, wakitafuta chakula. Watu wa kisiwa wakaivuta boti nzima mpaka nchi kavu na abiria wakiwa ndani, wakawazunguka, wakachukua makasia. Safeni alitumwa kuzungumza nao. Mazungumzo yakaenda, yakarudi, hali ikazidi kuchafuka. Ghafla Stanley akawaamuru waisukume boti majini kwa nguvu zote, Safeni akakimbia akaruka nyuma yao, bunduki zikalia.

Wakawa ziwani bila kasia hata moja. Waling'oa mbao za sakafuni, wakazitumia kupigia makasia. Siku kadhaa walipeperushwa na dhoruba, tumbo tupu, mpaka wakaangukia kisiwa kisicho na watu.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa nzuri. Haikuishia. Agosti mwaka huo huo Stanley alirudi Bumbire na mitumbwi iliyojaa watu na bunduki, akawapanga watu wake majini mbali na mishale, wakawafyatulia waliokuwa ufukweni. Walikufa wengi. Yeye mwenyewe aliandika jambo hilo kwenye taarifa zake bila kuona haya, na hata huko kwao Uingereza kuna waliomlaani. Kuna makocha wanaoshinda na bado huwezi kuwapenda.

Mirambo tena

Aprili 1876 boti ilikuwa mabegani tena, inashuka kusini na magharibi kwenda Ujiji. Njia ilipita kwenye nchi za Mirambo na majirani zake. Kila kijiji walichofika waliambiwa Mirambo anakuja, na kila mtu anamwogopa. Stanley, aliyekimbizwa Zimbizo miaka mitano nyuma, alikuwa na kila sababu ya kutetemeka.

Wakakutana Serombo, Aprili 22.

Alitegemea kukutana na jambazi. Akamkuta mtu mtulivu, mrefu, safi, sauti ya chini, macho yanayotazama moja kwa moja. Walizungumza usiku. Mirambo akamweleza siri ya kikosi chake, na mtu wa mpira akiisoma leo lazima atabasamu: anapenda vijana. Wakubwa wenye wake na watoto wanafikiria kurudi nyumbani. Kijana ana macho makali, miguu myepesi, na hana cha kupoteza. Mwingize vitani mara chache, umempata askari. Hii ndiyo falsafa ya rugaruga waliozitikisa nchi zote za magharibi. Kuna klabu za ligi yetu zinazosajili wakongwe kila dirisha dogo ambazo zingefaidika na dakika kumi za Mirambo.

Kisha wakachanjiana. Manwa Sera, mkuu wa Waungwana wa msafara, aliwakata kidogo kila mmoja mguuni, damu ikabadilishwa, wakawa ndugu. Yule aliyeitwa adui Ulyankulu akawa mlinzi wa njia, na Lady Alice ikapita salama.

Kitu ambacho Stanley hakukijua usiku ule: Alice Pike alishaolewa. Januari mwaka huo huo, miezi mitatu nyuma, alifunga ndoa na mtu mwingine huko Marekani. Barua haikumfikia mchumba porini. Akaendelea kupeleka jina lake kwenye maziwa na mito, anaiziba isivuje, anaipaka mafuta, wapagazi wanaipandisha na kuishusha.

Ujiji waliiunga tena. Juni 11 wakang'oa nanga kuzunguka Ziwa Tanganyika, Julai 31 wakarudi. Siku 51, kama kilomita 1,300. Miaka miwili baadaye alifika Ujiji baharia wa kweli, Edward Hore wa London Missionary Society, naye akachagua njia tofauti kabisa: alichukua chombo cha hapohapo, akakitengeneza, akakiwekea tanga, akakiita Calabash, yaani kibuyu, na mwaka 1880 akaenda nacho mpaka ncha ya kusini ya ziwa. Hakikuwa na jina la mrembo, lakini kila fundi wa Ujiji angeweza kukitengeneza. Kama ni ushauri kwa mtu anayetaka kununua boti ndogo, Hore alikuwa na akili zaidi.

Kesi ya Uledi

Baada ya Tanganyika msafara ulivuka kwenda Manyema, ukafika Mto Lualaba, ukaanza kuteremka Kongo. Humo ndimo jina la Uledi lilipokua.

Uledi alikuwa mshika usukani wa Lady Alice kwenye mto, mtu mfupi wa maneno, mwepesi majini kama kambare. Januari 1877, kwenye maporomoko ya juu, mwenzao aitwaye Zaidi alichukuliwa na maji mpaka ukingoni kabisa mwa poromoko, akashika jiwe. Uledi na mwenzake Marzouk waliteremshwa kwenye mtumbwi uliofungwa kamba kwenda kumchukua. Kamba zikakatika. Wote watatu wakabaki kwenye kisiwa kidogo cha mawe, maji yananguruma pande zote, usiku ukaingia. Waliokolewa kesho yake. Kwa hesabu ya Stanley, safari nzima Uledi aliokoa watu 13 wasizame. Hakuweza kuwaokoa wote. Kalulu, kijana ambaye Stanley alipewa zawadi na mfanyabiashara wa Tabora mwaka 1871, mtoto kama zawadi, enzi za utumwa hizo, alipotelea kwenye maporomoko Machi 1877 pamoja na wote waliokuwa kwenye mtumbwi wake. Alikuwa ameshaiona London.

Kisha ikaja njaa ya Kongo ya chini. Shanga ndizo zilizokuwa fedha ya kununulia chakula, na siku moja shanga zilizoibwa zikakutwa kwa Uledi. Nahodha. Shujaa wa timu.

Stanley hakutaka kuamua peke yake. Akaita watu wote, kikawa kikao cha nidhamu hasa. Manwa Sera akasema angekuwa mtu mwingine adhabu ingekuwa kali kuliko zote, lakini kwa Uledi, achapwe viboko. Mabaharia wa boti wakamwombea. Kisha akasimama mdogo wake, Shumari, akasema nusu ya viboko ampe yeye. Akasimama ndugu yao mwingine, Saywa, akasema nusu iliyobaki ni yake, Uledi amekuwa kama baba kwao.

Alisamehewa. Adhabu ikafutwa yote, ya Uledi na ya wadogo zake. Ukisoma ripoti za vikao vya nidhamu vya soka letu, tafuta wapi mchezaji wa akiba alijitolea kufungiwa mechi badala ya nahodha wake.

Juu ya mawe

Julai 31, 1877, karibu na maporomoko ya Isangila, Stanley aliamua imetosha. Bahari ya Atlantiki ilikuwa siku chache tu kwa miguu, watu walikuwa mifupa, hakuna wa kubeba. Walipandisha Lady Alice juu ya mawe, wakaiacha ioze. Boti iliyotoka Teddington ikapita Bagamoyo, Ugogo, Victoria, nchi za Mirambo na Ujiji, ikaachwa kama gari bovu barabarani. Agosti 9 wakafika Boma. Novemba waliteremka Zanzibar kwa meli, wamebaki wachache wa wale 356, na familia zimejaa ufukweni zinatafuta sura.

Karibu miaka arobaini baadaye kazi ya mabega ilianza kupungua. Reli ilifika Tabora 1912, Kigoma 1914, na meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, ikapita hapo hapo ikiwa vipande ndani ya maelfu ya masanduku, ikaunganishwa Kigoma. Ndiyo Liemba.

Lakini Wadi Safeni hakufika Zanzibar.

Walipokaribia mwisho, habari ikapita mstarini kwamba bahari iko karibu, wazungu wako karibu, chakula kiko karibu. Safeni, aliyechagua kikosi Kageyi na kuzungumza na watu wa Bumbire, alimwendea Stanley, akapiga magoti, akamkumbatia miguu, akamshukuru Mungu kuwa wamefika, njaa imekwisha, sasa anakwenda kukimbilia baharini kuwaambia ndugu zetu. Stanley akaona macho yake hayako sawa. Akamwambia atulie. Safeni akamchukua kasuku wake, akamweka begani, akaingia msituni.

Watu walitumwa kumfuata. Walitafuta kwa saa nyingi, wakarudi bila yeye wala kasuku.